Bingwa mzee anatafuta nini tena?

NOVEMBA 2 mwaka 2025, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka 41, Eliud Kipchoge wa Kenya alimaliza mbio za marathoni za New York katika nafasi ya 17. Huyu ni mtu yule yule aliyetwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mara mbili mfululizo, mwaka 2016 kule Rio na mwaka 2021 katika michezo ya Tokyo. Ni yeye aliyekuwa mwanadamu wa kwanza kukimbia kilomita 42 na ushei chini ya saa mbili, pale Vienna Oktoba 12, 2019, ingawa mbio zile ziliandaliwa maalumu kwa ajili yake na hazikuhesabiwa kuwa rekodi. Sasa watu 16 wanafika mbele yake.

Hapa Kilimatinde, wilayani Manyoni, habari hiyo ililiwa na kutafunwa barazani kwa siku kadhaa baada ya swala ya alasiri. Kauli zilizotawala zilikuwa mbili. Wa kwanza wakasema ni tamaa ya pesa, kwamba binadamu hashibi. Wa pili wakasema ni ulevi wa sifa, kwamba aliyezoea kupigiwa makofi hawezi kuishi bila makofi. Nina hakika kauli hizo hizo zilisikika Kariakoo, Mombasa na Unguja. Lakini swali lenyewe, la kwamba bingwa mzee anatafuta nini tena uwanjani, ni zito kuliko majibu hayo mepesi. Na anayelijibu vizuri atakuwa amejibu mengi yanayotuhusu sisi ambao hatujawahi kuvaa hata viatu vya mbio.

Tuanze na pesa. Hatuwezi kulikataa jibu hili moja kwa moja. Mkimbiaji wa Afrika Mashariki hana pensheni. Anaalikwa mashindanoni kwa sababu ya jina na muda wake, na mialiko ikikatika na kipato kimekatika. Nyuma yake wapo wazazi, ndugu wa tumbo moja na wa ukoo, watoto wa shule na nyumba iliyoishia kwenye lenta. Kwa wakimbiaji wengi wa daraja la kati, kuendelea kukimbia wakiwa na miaka 38 hakuna falsafa yoyote ndani yake. Ni ada ya muhula ujao. Mwenye kumcheka mtu wa namna hiyo na amcheke pia fundi mwashi wa miaka 60 anayepanda jukwaa kwa magoti yanayouma.

Lakini jibu hilo halifiki kwa mabingwa wakubwa. Kipchoge angeweza kukaa Eldoret akafuga ng'ombe na akala vizuri mpaka mwisho wa umri wake. Novak Djokovic wa Serbia alipofika Paris kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024, tayari alikuwa na mataji 24 ya mashindano makubwa manne ya tenisi na utajiri ambao wajukuu zake hawataumaliza. Alikuwa na miaka 37, na wiki chache nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Akacheza fainali na Carlos Alcaraz wa Hispania aliyekuwa na miaka 21, akashinda, akalia kama mtoto. Medali ile haikumwongezea chochote benki cha kumtoa mtu kama yeye machozi. Naye Venus Williams wa Marekani, aliyeshinda mechi Washington Julai 2025 akiwa na miaka 45, alitania kwamba ilimbidi arudi ili apate bima ya afya. Watu walicheka kwa sababu kila mmoja alijua kuwa siyo sababu.

Tuje kwenye sifa. Jibu hili linaonekana na nguvu zaidi, lakini likipimwa linajipinga lenyewe. Mtu anayejali sifa zake kuliko kitu kingine angeacha mapema. Angeacha siku aliyoshinda, picha ya mwisho ibaki ile ya bendera mabegani. Kila mbio anazokimbia mzee ni hatari kwa jina lake. Agosti 2024, katika marathoni ya Olimpiki Paris, Kipchoge alishindwa kumaliza. Baada ya kilomita 30 hivi aliacha kukimbia, akatembea, akagawa viatu na nguo zake kwa watazamaji wa barabarani. Mpenda sifa angejificha nyumbani baada ya siku ile. Yeye alijitokeza tena London, Sydney na New York, akihesabiwa wa sita, wa tisa na wa 17. Huyo anatafuta makofi gani?

Hebu tujiulize kitu kingine. Sisi Watanzania tumelelewa na picha ya John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, akiingia uwanjani Mexico Oktoba 20, 1968, goti limefungwa bandeji, giza limeingia, zaidi ya saa moja tangu Mamo Wolde wa Ethiopia avuke mstari wa ushindi. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Tumemfanya fahari ya taifa, na tuko sahihi. Iweje basi tumsifu aliyekuwa wa mwisho na tumcheke aliyekuwa wa 17? Tofauti ni kwamba Akhwari hatukumtarajia kushinda, kwa hiyo tuliona uvumilivu wake. Kipchoge tumezoea ashinde, kwa hiyo tunaona ushinde wake tu. Kosa liko kwenye macho yetu.

Kama si pesa wala sifa, ni nini?

Nadhani tutapata mwanga tukimtazama jirani yetu, Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma na mwanajeshi wa JWTZ. Mwaka 1988 alikimbia Boston, akashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Sekunde moja katika saa mbili na dakika nane! Mwaka 1989 akarudi Boston, akawa wa pili tena, safari hii nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 akarudi mara ya tatu, akawa wa pili nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Kati ya hizo za pili na za tatu, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde moja, muda bora kuliko wote uliowahi kukimbiwa pale hadi siku hiyo. Paul Tergat wa Kenya naye alishindwa na Haile Gebrselassie kwenye Olimpiki ya 1996 na ile ya 2000, mara ya pili kwa pungufu ya sehemu ya kumi ya sekunde. Angeweza kusema basi. Akahamia marathoni, na mwaka 2003, akiwa na miaka 34, akaweka rekodi ya dunia Berlin. Akiwa na miaka 36 akashinda New York.

Watu hawa walikuwa wakidaiwa jibu. Kila mbio iliwaambia kitu kuhusu nafsi zao, na kila jibu lilizaa swali jipya. Je, nikibadilisha mazoezi? Je, nikisubiri mpaka kilomita ya 35? Mwenye ufundi wa kweli hafiki mahali akasema sasa nimemaliza kuujua. Fundi seremala wa miaka 70 bado anapapasa mbao mpya kwa vidole kabla ya kuipima. Andy Murray wa Uingereza aliwekewa chuma kwenye nyonga mapema mwaka 2019, na Oktoba mwaka huo huo akatwaa taji Antwerp. Akaendelea miaka mingine mitano, mara nyingi akitolewa mapema, mpaka Olimpiki ya 2024. Martina Navratilova alitwaa taji la mchezo wa wawili wawili mchanganyiko la US Open mwaka 2006, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 50. Hawa walikuwa wanaipenda kazi yenyewe, siyo matokeo yake peke yake.

Na lipo jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi kulisema. Kazi ya miaka ishirini inaujenga mwili na siku ya mtu. Kuamka alfajiri, kujinyima, kupimwa kila wiki, vyote hivyo vinakuwa ndiyo yeye mwenyewe. Ukimwambia aache, humwambii aache mchezo tu. Unamwambia aamke kesho asubuhi katika siku isiyomhitaji.

Sisi wa Kilimatinde tuna kumbukumbu ya jambo hili. Enzi za misafara, njia ya kutoka pwani kwenda Tabora ilipita pande hizi, na mbele yetu kulikuwa na Mgunda Mkali, pori lililotisha kwa ukame. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi, na ujira haukuwa sababu pekee. Kijana wa Kinyamwezi alihesabiwa mwanamume kwa safari ya pwani, na waliokwishakwenda mara nyingi walikwenda tena. Wajerumani wakajenga boma hapa. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, nayo haikupita mjini kwetu. Ilipita Saranda kule bondeni ikapandia Manyoni. Ile kazi iliyokuwa heshima ya vizazi ikazimika kama taa. Wapagazi wale hawakustaafu, walistaafishwa. Nadhani bingwa mzee anachokiogopa ni hicho, kwamba siku yake ya mwisho iamuliwe na kitu kingine kabla yeye hajaridhika. Ndiyo maana Gebrselassie alitangaza kuacha Novemba 2010 baada ya goti kumsumbua New York, na haukupita muda akaifuta kauli yake. Aliacha kweli mwaka 2015, akiwa na miaka 42, siku aliyoichagua mwenyewe.

Swali hili linanigusa binafsi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Utumishi wa umma una sheria yake, kwa hiari miaka 55 na kwa lazima miaka 60, nami nilikwenda hadi 60. Tangu hapo nafundisha hesabu jioni kibarazani kwangu watoto wa jirani, bila malipo. Wapo wanaosema mwalimu hajui kupumzika. Nilipowasikia wakimsema Kipchoge nilijua kuwa na mimi nasemwa. Kwa hiyo simtetei mtu wa mbali tu. Natafuta mpaka, kwa maana mpaka upo, na anayesema haupo anadanganya.

Mpaka huo aliuvuka Muhammad Ali. Waislamu wengi wa umri wangu tulimpenda kuliko mwanamichezo mwingine yeyote, kwa ngumi zake na kwa msimamo wake wa kukataa kwenda vitani Vietnam, uliomnyima ulingo tangu 1967 hadi 1970. Daktari wake, Ferdie Pacheco, aliondoka kambini mwaka 1977 baada ya kuona ushauri wa kuacha hausikilizwi. Februari 1980 Ali alifika Dar es Salaam, ametumwa na Rais Jimmy Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Wakati huo alikuwa amekwisha tangaza kustaafu. Lakini Oktoba mwaka huo huo alikuwa ulingoni na Larry Holmes, akipigwa raundi baada ya raundi bila kuweza kujibu, mpaka kocha wake akasimamisha pambano baada ya raundi ya kumi. Hata hapo hakuacha. Desemba 1981, akikaribia miaka 40, alipigana na Trevor Berbick kule Bahamas, akashindwa. Mwaka 1984 ikajulikana kuwa ana ugonjwa wa Parkinson. Wataalamu wamebishana ngumi zilichangia kiasi gani. Hakuna aliyesema zilimsaidia.

Tofauti ya Ali na Kipchoge si ushujaa. Mkimbiaji akichelewa, anachelewa. Bondia akichelewa, anapigwa kichwani. Mwili ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuitumia mpaka ivunjike kwa hoja kwamba anaipenda kazi yake. Tena Ali alizungukwa na watu walioishi kwa kupigana kwake. Waliomwambia endelea ndio waliolipwa akiendelea.

Mtazame Khabib Nurmagomedov wa Dagestan kwa upande mwingine. Baba yake, aliyekuwa pia kocha wake, alifariki Julai 2020. Oktoba 24 mwaka huo Khabib alishinda pambano lake la 29 bila kushindwa hata moja, kisha hapo hapo akatangaza kuacha, akiwa na miaka 32. Akaeleza kuwa alimwahidi mama yake hatapigana bila baba. Sisemi kila mtu aache akiwa na miaka 32. Ninachosema ni kwamba Khabib alikuwa na mtu wa kumsikiliza, na mtu huyo hakuwa na asilimia yoyote katika mkataba.

Sasa niseme lile ambalo naamini ndilo kiini cha mambo. Tunamshambulia mtu asiyestahili. Bingwa mzee anayerudi kwenye mstari wa kuanzia anasimama pamoja na vijana wa miaka 22. Saa haijui jina lake. Hapewi mita mia za mbele kwa heshima ya mvi. Akishindwa, anaandikwa ameshindwa, dunia nzima inasoma. Rekodi ya Kipchoge ilivunjwa na Kelvin Kiptum Oktoba 2023 kule Chicago, na hakuna aliyeuliza kama mzee ameridhia. Miezi minne baadaye Kiptum alifariki kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 24. Tunapouliza kwa nini wazee hawaachi, tukumbuke pia kwamba kuzeeka ndani ya kazi yako ni neema ambayo wengine hawakupewa.

Mng'ang'aniaji wa kweli ni yule anayekaa mahali pasipo na saa. Niliwahi kuwa mjumbe wa taasisi moja, jina lake halina haja. Katiba yake ilitaka uchaguzi kila baada ya miaka mitatu. Katika miaka yangu yote pale sikuona uchaguzi. Mwenyekiti alikuwa yule yule, mweka hazina yule yule, na kila kijana aliyehoji aliambiwa hana adabu kwa wazee. Mtu huyo hakimbii mbio. Amekaa juu ya mstari wa kuanzia ili wengine wasikimbie. Ajabu ni kwamba barazani huyo hatumsemi, tunamsema Kipchoge.

Ipo hoja dhidi yangu, na ni ya haki. Michezoni pia nafasi huwa chache. Kenya ilipeleka wanaume watatu kwenye marathoni ya Olimpiki ya 2024, Kipchoge akiwa mmojawao. Alipoacha njiani, yupo mkimbiaji aliyebaki nyumbani akiumia. Kwenye tenisi pia waandaaji huwapa mabingwa wa zamani nafasi za kualikwa ambazo kijana angezipigania. Nakubali. Ndipo napoona kipimo kinachotenganisha uvumilivu na ung'ang'anizi: je, uko tayari kupitia mchujo ule ule anaopitia mgeni? Mzee anayekubali mchujo ana haki ya kukimbia hadi miaka 80. Anayeingia kwa mlango wa heshima zake za zamani ameanza kula mtaji wa wengine, hata kama ana mapenzi ya kweli na kazi.

Na lazima akubali kushuka. Yapo mapokezi mashuhuri kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia aliyeitwa Adbaa, aliyekuwa hashindwi mbio. Akaja bedui na ngamia wake akamshinda, Masahaba wakaona uzito mioyoni. Mtume akawafahamisha kuwa huo ndio utaratibu wa Allah kwa mambo ya dunia, kwamba kilichopanda hushushwa. Hakuamuru ngamia yule afichwe ili jina lake libaki, wala hakumlaumu bedui. Na yapo mapokezi mengine kwamba alishindana mbio na Bi Aisha, Bi Aisha akashinda. Baada ya muda, Bi Aisha akiwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, safari hii akashinda Mtume, akamtania kuwa sasa wamelipana. Alikuwa mtu mwenye umri uliopita miaka 50, mwenye umma mzima mabegani, na hakuona aibu kushindana, kushindwa wala kucheka.

Kwangu mimi nimejiwekea kipimo hicho. Watoto wa kibarazani hawalazimishwi kuja. Siku atakapopatikana kijana anayefundisha sehemu kuliko mimi, nao wakahamia kwake, nitajua bila kuambiwa, na chaki nitampelekea mwenyewe. Mpaka siku hiyo, saa kumi na moja jioni ubao utakuwa nje. Na wewe ndugu msomaji, kabla hujauliza bingwa mzee anatafuta nini uwanjani, tazama kiti ulichokalia, kazini, msikitini au nyumbani, ujiulize mara ya mwisho kushindanishwa na mtu kwa ajili ya kiti hicho ilikuwa lini.